Kabla hujahukumu shokapu ya umeme

Mwaka juzi, msimu wa korosho ukielekea mwisho, kaka mmoja aliingia gereji kwangu hapa Mtwara na Golf R ya buluu, Volkswagen yenye shokapu za umeme, yaani zile ambazo kompyuta ya gari huzilegeza au kuzikaza. Alikuwa ametoka nayo Dar, zaidi ya kilomita 500, na kila rasta aliyoivuka tangu Somanga ilimpiga mgongoni.

"Fundi, nimeambiwa shokapu zote nne zimekufa. Bei hii hapa."

Nikaitazama ile karatasi. Jumla yake ilitosha kununua pikipiki mpya mbili na chenji ikabaki. Nikamwambia, "Kaka, kaa kwanza kwenye benchi unywe maji. Tulinyanyue tulione."

Kwa mbele upande wa kulia, nyuma ya gurudumu, kuna kijiti chembamba chenye urefu wa kidole cha shahada, na kila ncha yake ina kiungo kidogo cha mviringo. Kinaunganisha mkono wa chini wa gurudumu na sensa inayoiambia kompyuta gari limekaa kimo gani. Kilikuwa kimekatika shingoni, na kutu imekila mpaka kimekuwa na rangi ya tofali. Sensa ikinyamaza, kompyuta haijui gurudumu limepanda au limeshuka, kwa hiyo inazifunga shokapu zote kwenye hali moja na kuwasha taa ya dashibodi. Shokapu zake nne zilikuwa kavu na nzima. Tuliagiza kijiti, kikafika, tukafunga, taa ikazimika.

Naandika haya kwa sababu magari ya mbio yanazidi kuja huku Kusini, na wengi wanayanunua bila kuambiwa shokapu zake zina bei gani na zinapimwaje. Mtu anauziwa nne mpya wakati mbovu ni waya mmoja. Inaniuma.

Anza kwa kuijua yako. Fungua boneti utazame pale shokapu inapotokea juu. Ukiona kikopo kidogo chenye soketi ya waya kimekaa kichwani mwa shafti, ile fimbo inayopanda na kushuka ndani ya shokapu, hiyo ni ya mtindo wa Toyota. Walianza nayo mwaka 1983 kwenye Soarer kwa jina la TEMS, na siku hizi huitwa AVS. Crown Athlete na Mark X nyingine zinayo. Kile kikopo ni mota inayozungusha sindano iliyopita ndani ya shafti, nayo inapanua au kubana njia ya oili. Waya ukiingia ubavuni mwa shokapu yenyewe, mara nyingi ni gari la Ulaya lenye valvu ya umeme, kama DCC ya Volkswagen. Aina ya tatu ni ya sumaku, MagneRide, iliyoanza kwenye Cadillac Seville mwaka 2002 kisha ikaingia Corvette. Audi TT nyingine zinayo pia. Oili yake imechanganywa na chembe laini za chuma. Umeme ukipita kwenye koili ya pistoni, chembe zinajipanga na oili inakuwa nzito kufumba na kufumbua. Umeme ukikatika, inabaki laini kabisa, gari linayumba kama mtumbwi. Dalili hiyo peke yake huniambia nianze na waya.

Sasa upimaji, na hapa usiwe na haraka.

Tazama mwili wa shokapu kwa tochi. Utando mwembamba wa oili ulioshika vumbi karibu na sili, raba inayozuia oili isitoke, ni jasho tu, shokapu nyingi nzima zinatoa jasho. Ufute kwa kitambaa kikavu, endesha siku tatu, kisha rudi utazame. Ikiwa oili imeshuka mpaka chini na inadondoka, hiyo imekwisha. Kisha pitisha kiganja juu ya tairi, mbele na nyuma, polepole. Tairi iliyoliwa kwa mawimbi, mlima na bonde, mlima na bonde, inakuambia gurudumu lilikuwa linarukaruka kwa sababu shokapu haishiki. Tairi iliyoliwa upande mmoja tu ni habari ya alaimenti au bushi, usiilaumu shokapu.

Halafu mlio. Mtu akiniambia gari linagonga, naanza na linki za stabilaiza (vijiti vya chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona), bushi za mkono wa chini (raba za viungo vyake), na mauntingi ya juu (kikalio kinachoshika kichwa cha shokapu kwenye bodi). Mwambie mwenzako azungushe usukani gari likiwa chini, nawe gusa springi kwa ncha za vidole. Ikijikunja halafu ikaruka ghafla, bearingi ya mauntingi imekwama. Kwa hesabu ya macho yangu, magari mengi yanayoletwa kwa mlio wa shokapu yanaondoka hapa na linki au mauntingi mpya, shokapu zilezile.

Mwisho umeme. Zima gari, toa ufunguo, chomoa soketi ya shokapu na uitazame ndani. Huku kwetu, anayelaza gari Mikindani au Lindi mjini karibu na bahari ataikuta mara nyingi ina unga wa kijani. Huo ni upepo wa chumvi. Safisha kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme, kausha, rudishia. Kisha chukua mita, pima omu, yaani ukinzani, za koili ya kulia, pima na ya kushoto. Zikikaribiana, koili zote mbili zina uhai. Moja ikionyesha hakuna njia kabisa, waya umekatika, ama wa shokapu ama ule unaopita kwenye upinde wa gurudumu, kwa hiyo ufuate kwa mkono mpaka mwisho. Nakuomba sana: usiunganishe betri moja kwa moja kwenye soketi ili "kusikia kama inafanya kazi". Koili hizi zimetengenezwa kuongozwa na kompyuta, na volti 12 za moja kwa moja zinaweza kuiunguza hapohapo. Ukishamaliza hayo ndipo ulipeleke gari likapimwe kwa kompyuta, ukiwa tayari unajua unachokitafuta.

Zinadumu muda gani? Shokapu hupanda na kushuka zaidi ya mara 1,000 kwa kila kilomita moja. Monroe, watengenezaji wa shokapu, hushauri za kawaida zibadilishwe kila kilomita 80,000 hivi. Za umeme zina sili na oili kama dada zake, kwa hiyo hazina uzima wa milele, ila kwenye lami nzuri nyingi huvuka 100,000. Kinachoziua huku nakijua kwa majina. Cha kwanza ni rimu kubwa na tairi nyembamba: shimo ambalo tairi nene ingelimeza linafika lote kwenye shokapu. Cha pili ni springi fupi za kushusha gari, kwa sababu shokapu inakosa nafasi ya kutembea na inakaa inagonga raba yake ya mwisho kila tuta. Cha tatu ni mchanga. Ukienda ufukweni Msimbati na gari la namna hii ukarudi bila kulinyunyizia maji chini, punje zinakaa juu ya shafti, na kila inapozama zinakwangua mdomo wa sili. Osha kwa maji ya kawaida. Usiielekeze pampu ya presha kwenye soketi.

Na kitufe cha Sport kiache kizimwe ukitoka kwenye lami njema. Hali ngumu ni ya kona za kasi, haikusaidii kitu kwenye njia yenye makovu ya malori.

Tuje kwenye fedha. Kwa bei ninazotajiwa Kariakoo, shokapu moja mpya ya umeme huwa sawa na nne au tano za kawaida za gari lilelile, na za Ulaya hupita hapo. Hata Marekani kwenyewe MagneRide moja huuzwa mamia ya dola. Kwa hiyo kabla hujanunua gari, uliza bei ya shokapu nne kwa namba ya chesisi, ongeza mauntingi, raba za ndani na vumbi buti (mfuko wa raba unaokinga shafti na vumbi), ongeza nauli ya mzigo kwa basi na alaimenti. Ikivuka robo ya bei ya gari, shuka na muuzaji kwenye bei au liache.

Ukilazimika kubadilisha, badilisha jozi, mbele zote mbili au nyuma zote mbili. Mpya upande mmoja na mzee upande mwingine hulivuta gari kwenye breki za ghafla. Kwa Toyota uliza mapema kama mota ya juu inakuja na shokapu, maana mara nyingi huuzwa peke yake. Ya zamani ikiwa nzima, ihamishe. Niliwahi kuletewa Crown ambayo tatizo lilikuwa mota moja iliyoganda tu. Shokapu yake ilikuwa bado inapumua vizuri mkononi.

Used kutoka Japani nazikubali, kwa masharti. Namba iliyogongwa kwenye mwili ifanane na ya kwako herufi kwa herufi, kulia na kushoto si kitu kimoja. Shafti iwe inang'aa bila doa wala mkwaruzo. Ibonyeze wima mpaka chini: irudi kwa uzito ule ule mwanzo mpaka mwisho, isiwe na sehemu inayozama bure. Omu upime dukani kabla hujatoa pesa.

Kuna njia ya kufunga za kawaida badala ya za umeme. Siidharau. Kwa mtu anayeishi Newala na kushuka Mtwara kila wiki, Bilstein au KYB nzuri ya kawaida ni uamuzi wa busara. Ila kompyuta lazima ielezwe, ama kwa kuizima hiyo huduma kwenye programu ya gari ama kwa kuweka kifaa kinachoigiza koili, la sivyo taa itakaa inawaka. Na mwenye gari aambiwe wazi kwamba gari limebadilika, ili siku ya kuliuza na yeye aseme.

Kwenye kufunga nina donda moja. Kijana wangu alishika shafti mpya kwa plaizi ya meno ili nati ya juu isizunguke. Mkwaruzo wenyewe ulikuwa mdogo, kama ukucha wa paka, niliuhisi kwa kidole kabla sijauona. Wiki ya sita ile shokapu ilikuwa imelowa. Nililipa mimi. Tangu siku ile shafti hushikwa kwa spana ya ndani inayoingia kichwani mwake, na mashine ya upepo haigusi nati ya juu. Boliti za bushi zikazwe mwisho, gari likiwa limekaa kwa uzito wake juu ya magurudumu, la sivyo bushi zitakaa zimejipinda na kupasuka mapema. Soketi irudi mpaka isikike imebana, waya urudishwe kwenye vishikio vyake vyote, na mahali palipo na sensa za kimo zisomeshwe upya kwa kompyuta. Alaimenti inafuata siku hiyohiyo.

Kisha nalipeleka gari Mikindani na kurudi, madirisha wazi, redio imezimwa. Kwenda naendesha kwenye hali laini, kurudi naendesha kwenye Sport, juu ya matuta yaleyale. Nikihisi tofauti kwenye kiti, namkabidhi mwenyewe ufunguo.