Kuelewa habari za Kiingereza kwa kusikiliza: anza na sekunde 30

Wanafunzi wengi ninaowafundisha wana Kiingereza cha kutosha cha kusoma. Mpe gazeti, atalisoma na kukueleza yaliyomo. Mfungulie redio, habari ni ileile, sentensi ni zilezile, na baada ya sekunde kumi ameshaachwa. Hapo anaamini kwamba msamiati wake ni mdogo, anarudi kwenye kamusi kukariri maneno mapya. Lakini ukimwonyesha maandishi ya kile alichosikiliza, anayajua karibu yote. Yalipita masikioni mwake asiyatambue.

Nami nilipitia hali hiyo. Kwa muda mrefu niliwasha redio ya Kiingereza kila siku na kuiacha iongee huku nikiendelea na kazi zangu, nikitumaini kwamba masikio yatazoea yenyewe. Hayakuzoea. Nilichokuja kufaidika nacho ni kipande kifupi kwa siku, kilichochimbwa mpaka chini. Utaratibu wenyewe ni huu.

Hatua ya 1: Tafuta sauti fupi yenye maandishi yake

Waandishi wa habari wa redio za Kiingereza hukadiria maneno 3 kwa sekunde. Habari ya sekunde 30 basi ina maneno 90 hivi, na taarifa ya dakika 5 ina karibu 900. Tisini unayamudu kwa kikao kimoja. Mia tisa yatakuzamisha.

Maandishi ya neno kwa neno ni ya lazima, maana bila hayo hutajua ulikosea wapi. BBC Learning English hutoa vipindi vyenye maandishi yake. Sauti ya Amerika nayo ilianzisha mwezi Oktoba 1959 matangazo yaliyoitwa "Special English", baadaye "Learning English", kwa ajili ya wanaojifunza: msamiati wa msingi wa maneno kama 1,500, sentensi fupi, na usomaji wa mwendo wa theluthi mbili hivi ya ule wa kawaida. Anayeanza kabisa aanzie kwenye matangazo ya namna hiyo.

Usichanganye jambo hilo na kupunguza kasi ya sauti kwa kitufe cha simu. Msomaji anayesoma polepole hutamka kila neno vizuri. Ukiivuta sauti ya msomaji wa haraka, silabi alizozimeza hazirudi, unapata tu maneno yaleyale yaliyokatika, yakiwa marefu zaidi. Mimi hutumia kitufe hicho mwishoni, kukagua sehemu moja iliyonishinda.

Hatua ya 2: Ipate habari kwa Kiswahili kwanza

Wapo wanaoona huku ni kudanganya. Mimi nalisisitiza kwa kila mwanafunzi, kwa sababu sikio husikia kwa urahisi jambo linalolitarajia. BBC imekuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu 1957, na DW nao wana idhaa ya Kiswahili. Habari kubwa ya siku huwa ni moja kote. Isikilize kwa Kiswahili, kisha uandike pembeni majina ya nchi jinsi Kiingereza kinavyoyaita. Mtu anayejua Misri, Ugiriki na Uturuki tangu utotoni anaweza kupitwa kabisa na "Egypt", "Greece" na "Turkey" zikitamkwa kwa kasi, na jina la nchi likishakupita, habari nzima inakosa mahali pa kusimama.

Hatua ya 3: Sikiliza mara tatu, mikono mitupu

Usisimamishe wala usiandike. Mara ya kwanza tafuta nani na wapi, mara ya pili nini kimetokea, mara ya tatu chochote cha ziada.

Weka nguvu zako kwenye sentensi ya kwanza. Habari ya redio haijengwi kama hadithi inayoanza mwanzo na kufikia kilele: kilele huwekwa mbele kabisa, kisha hufuata maelezo, kisha kauli za wahusika, na usuli mwishoni. Ukiidaka sentensi ya kwanza, zilizobaki zinaifafanua tu. Ikikuponyoka, rudisha nyuma ianze upya, usiikimbize.

Hatua ya 4: Imla

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi huacha. Cheza maneno matano au sita, simamisha, andika ulichosikia. Andika hata kama hakina maana. Pasipo na neno andika mlio wenyewe kwa herufi za Kiswahili. Rudia sentensi moja hadi mara kumi ukihitaji, kisha endelea.

Chukua sentensi hii, ya aina inayosikika kila wiki: "At least thirteen people have been killed after a ferry capsized in heavy seas." Yaani, watu wasiopungua 13 wameuawa baada ya kivuko kupinduka kwenye bahari iliyochafuka. Mwanafunzi mmoja aliniandikia mwisho wake hivi: "killed after a very cup size in heavy sis". Tazama vizuri kilichotokea. "Ferry" analijua, ila sikio lilichukua neno lililozoeleka zaidi, "very". "Capsized" hakulijua, basi akili ikalikata vipande viwili inavyovijua. Na ile "d" ya mwisho iliungana na "in" ikawa kama "din", kwa hiyo alama ya wakati uliopita ikapotea.

Angalia pia "have been" katikati. Kwenye karatasi ni maneno mawili kamili. Mdomoni mwa msomaji huwa kitu kama "avbin", na pengine "vbin" tu. Sisi tumezoea lugha inayoipa kila silabi haki yake: wa-me-u-a-wa, kila irabu inasikika, na ile "me" inayotuambia kwamba jambo limeshatokea iko wazi kabisa. Kiingereza hufanya kinyume. Hukazia silabi za maneno yenye uzito, hapo "least", "thir", "peo", "killed", "fer", "cap", "hea" na "seas", halafu vijineno vya kisarufi hubanwa katikati yake mpaka irabu zake zinafifia.

Matokeo yake ni kwamba ile "me" yetu, kwa Kiingereza cha redio, mara nyingi hubaki konsonanti moja tu. Msomaji akisema "The minister's resigned", ile "s" ni "has" iliyofupishwa: waziri amejiuzulu. Msikilizaji wetu huisikia kama ya umilikaji, akasubiri kuambiwa kitu cha waziri, na kitu hakiji. Umbo hili hujitokeza sana katika sentensi ya kwanza ya habari. Sentensi zinazofuata huhamia kwenye wakati uliopita wa kawaida, "he said", "they found", kwa sababu sasa msomaji anaeleza jinsi mambo yalivyokwenda.

Hatua ya 5: Linganisha, na kila kosa lijue aina yake

Fungua maandishi sasa. Usisahihishe kwa kufuta, maana kosa lako ndilo litakalokuelekeza. Kwa kalamu ya rangi nyingine, weka kila kosa kwenye moja ya mafungu matatu: neno nisilolijua, neno ninalolijua ila sikulisikia, na jina la mtu au mahali.

Fungu la kwanza linamalizwa na kamusi. La tatu linamalizwa na hatua ya 2. Fungu la pili ndilo litakuwa kubwa, na dawa yake ni kurudi kwenye sauti, macho yako kwenye maandishi, mpaka usikie kwamba kweli neno lile limo. Nina orodha ya maneno ya fungu hili ambayo humkwama karibu kila mwanafunzi: "parliament" hutamkwa kama "palament", ile "i" haimo kabisa; "government" hupoteza "n" ya katikati; "police" kwa wasomaji wengi hukaribia "plis", na nimeona wengi wakiandika "please". Tengeneza orodha yako mwenyewe. Baada ya wiki chache utaona makosa yanajirudia, na hapo utajua cha kurekebisha.

Hatua ya 6: Mfuate msomaji kama kivuli

Soma maandishi kwa sauti sambamba na msomaji, ukimeza anapomeza, ukikaza anapokaza. Mara tano zinatosha. Huhitaji kuwa na lafudhi yake. Mdomo ukishatamka "avbin" mara kadhaa, sikio huacha kungoja "have" na "been" zije kila moja peke yake.

Hatua ya 7: Tarakimu, saa na wasemaji

Kuhusu "thirteen" na "thirty", pengine ulifundishwa kwamba mkazo ndio unaozitofautisha: mwishoni kwenye 13, mwanzoni kwenye 30. Kwenye taarifa ya habari kanuni hiyo itakupoteza. Namba ikifuatwa na nomino, kama "thirteen people", mkazo mara nyingi huhamia mwanzoni, na namba hizo mbili zikafanana. Sikiliza mkia wake: kwenye 13 irabu ni ndefu na sauti inapitia puani, kwenye 30 irabu ni fupi na pua haimo. Fanya zoezi la namba peke yake, kuanzia 13 na 30 mpaka 19 na 90.

Jihadhari pia na namba zisizo na tarakimu. "A dozen" ni 12, lakini "dozens" ni makumi tu, bila hesabu kamili, na "scores" vilevile. "At least" na "up to" zinavuta pande mbili tofauti: ya kwanza ni wasiopungua, ya pili ni wasiozidi. Ukizikosa hizo, umeipata namba na kuikosa habari. Na saa, bila shaka: "at nine this morning" ni saa tatu asubuhi. Ukitafsiri polepole kichwani, sentensi inayofuata imeshapita, kwa hiyo zoea kuiandika kwa tarakimu kama ilivyosemwa, utaigeuza baadaye.

Halafu kuna majengo na miji inayozungumza. "Downing Street" ni ofisi ya waziri mkuu wa Uingereza, "the Kremlin" ni uongozi wa Urusi, "the Pentagon" ni wizara ya ulinzi ya Marekani, na "Brussels" mara nyingi ni Umoja wa Ulaya. Msomaji akisema "Moscow has rejected the plan", ni serikali ya Urusi iliyoukataa mpango.

Hatua ya 8: Toka studio

Habari inayosomwa studio ndiyo nyepesi kuliko zote: sauti safi, sentensi zilizoandikwa. Ukishaandika imla ya sekunde 30 kwa makosa matano au chini, nenda kwenye ripoti ya mwandishi aliye uwanjani, ambako kuna upepo, magari na watu nyuma yake. Ngazi ya juu kabisa ni shahidi anayehojiwa: anasitasita, anarudi nyuma, anaacha sentensi njiani. Hapo usiandike imla. Sikiliza maneno aliyoyasema mwandishi kabla tu ya sauti ya shahidi, kwani kwa kawaida ameshakudokezea atakachosema.

Ukiwa tayari kusikiliza taarifa nzima, utapotea katikati, hata miaka ikipita. Usirudi kichwani kutafuta ulichokosa. Kiache, subiri habari inayofuata, kwa kuwa msomaji hutua kidogo na sauti yake hupanda anapoanza nyingine. Katika taarifa nyingi ndefu, vichwa vya habari husomwa mwanzoni na kurudiwa mwishoni. Viandike mara zote mbili, kwenye kurasa mbili tofauti za daftari, kisha weka kurasa hizo pamoja uone ni maneno mangapi ya ukurasa wa pili hayamo kwenye wa kwanza.