Cygnus ya kilomita 214,000: anza na maji, polishi baadaye

Gari niliuziwa na bosi mmoja pale Mtumba, Dodoma: Land Cruiser Cygnus ya 2003, V8 ya lita 4.7, viti vya ngozi, dashibodi inasoma kilomita 214,000. Daftari la sevisi halikuwepo. Wiki ya kwanza nikapiga polishi, nikafunga matairi mapya na redio. Wiki ya tatu, natoka Kondoa na magunia matatu ya alizeti nyuma, mshale wa temperecha ukagota kwenye H kabla sijafika Haneti.

Kilichonikalisha kando ya barabara saa nne nzima ni kipande cha plastiki chenye umbo la T, hakizidi kidole gumba. Viko viwili, nyuma ya injini karibu na ukuta wa kabini, vinagawa maji ya moto kwenda kwenye hita. Hita yenyewe Dodoma unaiwasha lini, labda asubuhi za Julai! Lakini maji yanapita humo, na joto la miaka yote limeshaikausha ile plastiki. Kilipasuka, na kile cha pili fundi alipokigusa tu kikamegeka kama biskuti. Siku hizi nina viwili vya brasi, nilivikerezesha mjini kwa hela ndogo kuliko ya redio. Sana.

Kwa hiyo gari lisilo na historia lichukulie kwamba halijafanyiwa kitu, hata kama aliyekuuzia ni shemeji. Nunua daftari la shule, andika kilomita za leo, halafu fuata mpangilio huu: kwanza kinachoua injini, pili kinachokuua wewe, mwisho kinachokuudhi.

Maji ndiyo ya kwanza. Mwaga yote yaliyomo kwenye rejeta. Yakitoka na rangi ya chai ya rangi, ujue kuna mtu amekuwa akijazia ya bomba, na maji yetu ya visima hapa yana chumvi: tazama ukoko mweupe ndani ya birika lako, ndio huo huo unaoganda ndani ya rejeta. Weka kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, na kama ni ya kuchanganya, tumia maji ya betri yale yasiyo na asidi. Badilisha themostati, mfuniko wa rejeta na mipira yote iliyovimba au iliyokakamaa. Mbele ya rejeta kuna kondensa ya kiyoyozi, na katikati yake mbegu za majani na vumbi hujibana hadi hewa haipiti. Safisha kwa maji ya presha ndogo. Wale vijana wa kuosha magari wakipiga ile mashine yao kwa karibu, mapezi yote, vile vibati vyembamba vya kupitisha hewa, yanalala.

Halafu mkanda wa taimingi, ule unaopanga valvu za injini zifunguke kwa wakati wake. Magari ya Japani mara nyingi hubandikwa stika ndani ya boneti mkanda ukibadilishwa. Yangu ilikuwa na maandishi nisiyoyajua, ila tarakimu zinasomeka: 18, na 98,412. Hiyo 18 ni mwaka wa Heisei, hesabu ya miaka ya Kijapani. Ongeza 1988, unapata 2006. Kilomita ukitoa, mkanda ulikuwa umeshatembea zaidi ya 115,000, wakati Japani injini hii huhesabiwa 100,000. Fundi akataka kufunga mkanda peke yake. Nikamkatalia. Pampu ya maji inazungushwa na mkanda huo huo, ikivuja mwakani utalipa ufundi mara ya pili. Funga pampu, tenshena (kikaza mkanda) na rola zake kwa pamoja. Mimi niliagiza Kariakoo kwa namba ya chesisi, kifurushi nikakipokea stendi ya Nanenane kesho yake.

Oili ya injini na filta unazijua, sisemi. Zinazosahaulika ni za difu ya mbele, difu ya nyuma na transfa, boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma. Kabla hujamwaga, hakikisha nati ya kujazia inafunguka. Ukimwaga kwanza halafu ya kujazia ikagoma, gari linalala gerejini. Propela shafti zina chuchu za grisi. Zifute vumbi kabla ya kupiga bomba, la sivyo unasukumia mchanga wa Chamwino ndani. Gia boksi ya otomatiki ukiimwaga kwa chini inatoka sehemu tu ya oili, nyingine inabaki ndani, hivyo mimi nilibadilisha mara tatu, kila baada ya wiki mbili, kwa oili ile ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Breki: oili yake hunyonya unyevu, ibadilishe yote. Inua gari, tikisa gurudumu juu na chini, likicheza angalia bolijointi za chini kwanza.

Sasa ile hidroliki ya kupandisha na kushusha gari, inaitwa AHC. Hapa kila fundi atakwambia, "Mama, ng'oa hii, tufunge shokapu za kawaida." Ngoja. Weka gari juu kabisa, soma usawa wa oili kwenye chupa yake, kisha lishushe chini kabisa, usome tena. Oili ikipanda vizuri, matufe ya gesi ya mfumo huo bado yana uhai. Ikipanda kidogo tu, gesi imekwisha. Yangu yalikuwa mazima, nilibadilisha oili tu na mitikisiko ikapungua. Tumia oili ya AHC yenyewe, ya breki usithubutu. Na kabla ya kupiga jeki, zima mfumo kwa swichi yake.

Usifanye yote siku moja. Mlio mpya ukitokea hutajua umeletwa na nini.

Kwenye daftari langu imebaki stata, ambayo kwenye injini hii imefichwa chini ya manifodi ya hewa, kazi ya siku nzima. Asubuhi nyingine inatoa "ka" moja, inanyamaza, ya pili inawasha. Otomatiki haliwashwi kwa kusukuma, kwa hiyo kwenda Mpwapwa nasubiri kwanza.