Yai Lenye Kasoro: Soma Ganda, Ute na Kiini Kabla ya Kununua Dawa

Yai la ajabu likiokotwa kiotani, wafugaji wengi hukimbilia duka la dawa za mifugo na kurudi na pakiti ya antibiotiki. Mara nyingi fedha hiyo inapotea, maana kasoro nyingi hutokana na chakula, joto au hofu, na antibiotiki haitibu hata kimoja kati ya hivyo.

Anza kwa kujua yai linavyotengenezwa. Tangu kiini kinapoachiwa hadi yai kutoka nje ni saa 24 hadi 26. Kuvikwa ute huchukua kama saa 3, tando mbili nyembamba saa 1 na robo hivi, na muda wote uliobaki, karibu saa 20, yai hukaa kwenye mfuko wa ganda. Sehemu kubwa ya ganda hujengwa usiku. Kwa hiyo ganda baya unaloliona asubuhi linakuuliza habari za jana: kuku alikula nini, alipata joto kiasi gani, na nini kilimshtua usiku. Rangi ya kiini inasimulia chakula cha wiki moja au mbili zilizopita.

Ni la kuku gani, na limetokea mara ngapi?

Yai moja baya kwa mwezi liache lipite. Tembe katika wiki zake za mwanzo za kutaga hutoa kila aina ya vituko: yai lisilo na ganda, lenye viini viwili, au kijiyai kidogo kisicho na kiini kabisa ambacho watu hukipa maana za uchawi. Mwili bado haujakaa sawa, basi. Hata yai ndani ya yai ni ajali ya njia: yai lililokwisha kupata ganda limesukumwa kurudi juu likavikwa ute na ganda la pili. Halina dawa wala halihitaji.

Kasoro ikijirudia, weka daftari bandani. Andika tarehe, idadi ya mayai na aina ya kasoro. Kila jioni mulika mayai kwa tochi ya simu ndani ya chumba chenye giza ili uone nyufa na ganda lenye madoa ya mwanga, kisha vunja moja lenye kasoro kwenye sahani nyeupe bapa. Kumtambua mwenye yai, mpake mtetea unayemshuku rangi ya chakula kidogo kwenye njia ya kutagia. Yai litatoka na mstari wa rangi. Kama ni mmoja tu, shughulika naye. Wakiwa robo ya kundi au zaidi, tafuta sababu kwenye chakula, maji, banda au ugonjwa.

Ganda jembamba, laini, au hakuna kabisa

Hili ndilo tatizo kubwa mikoani kwetu, Tabora na Kigoma. Yai la gramu 60 hubeba kama gramu 2 za kalsiamu. Kuku wa mayai hula gramu 110 hadi 120 za chakula kwa siku. Ukimpa chakula cha kukuzia, chenye kalsiamu ya asilimia 1 hivi, anapata gramu 1 na kidogo, na hiyo yote haifyonzwi. Pumba na mahindi matupu ni chini zaidi. Kinachopungua anakichota kwenye mifupa yake, ndiyo maana baada ya mayai ya ganda laini unaweza kumkuta kuku amelala ubavu, miguu haina nguvu.

Chakula cha kuku wa mayai kinatakiwa kuwa na kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4. Ukichanganya mwenyewe, weka kilo 8 hadi 9 za chokaa ya mifugo katika kila kilo 100 za mchanganyiko, pamoja na unga wa mifupa na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) ya kuku wa mayai. Premiksi usiiruke: bila vitamini D kalsiamu haifyonzwi. Kuku wanaotoka nje kwenye jua wanaitengeneza wenyewe, waliofungiwa ndani hawawezi.

Chokaa ya kupakia ukuta siyo chokaa ya mifugo. Ile ya ukuta inaunguza mdomo na koo. Muulize muuzaji waziwazi, na ukiona inachemka au kupata moto ikiguswa na maji, usiitie kwenye chakula.

Kwa kuku waliokwisha kuonyesha tatizo, fanya hivi. Tafuta chokaa ya mawe madogo au maganda ya konokono, safi na makavu, uyaponde yawe na ukubwa wa punje za mchele. Yaweke kwenye chombo cha peke yake, gramu 50 kwa kuku 10, kuanzia saa 10 alasiri. Punje hizo hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku, wakati ganda linajengwa. Unga laini ukiliwa asubuhi unapita upesi. Usiwape jogoo na vifaranga kwa lazima, maana kalsiamu nyingi huumiza figo. Ndiyo faida ya chombo cha pembeni, kila mmoja anachukua kwa haja yake. Maganda ya mayai pia yanafaa, ila yakaange kwanza kwenye sufuria hadi yakauke na kuvunjika kirahisi, kisha uyaponde kabisa. Kuku akitambua sura ya ganda, atajifunza kula mayai.

Ukiona chokaa ipo ya kutosha na ganda bado ni jembamba, angalia joto. Tabora mwezi Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, mabanda ya bati yasiyo na dari huwa tanuri. Kuku anayehema kwa mdomo wazi hupoteza hewa ya kaboni ambayo damu yake inaihitaji kutengenezea ganda, na wakati huohuo anakula kidogo. Weka nyasi juu ya bati, fungua ubavu wa banda wenye upepo, badilisha maji mara tatu kwa siku na lisha alfajiri na jioni. Kalsiamu ya ziada peke yake haitaokoa hali hiyo.

Chumvi nayo hupuuzwa. Katika chakula inatosha asilimia 0.3 hadi 0.5. Kama dagaa ulionunua walitiwa chumvi, punguza ile ya kuchanganya. Maji ya kisima yenye ladha ya chumvi yanaweza kuharibu ganda hata chakula kikiwa kizuri. Wape ya mvua au ya bomba kwa majuma mawili uone tofauti.

Mkanda, makunyanzi na vipele

Ganda lenye mkanda katikati, kama lilifungwa kiunoni, lilipasuka likiwa bado tumboni na kuku akaliziba. Hapo kuna hofu au msongamano: kicheche anazunguka banda, panya, mbwa, au kuku kugombania fito za kulalia. Ziba matundu, ongeza fito ili kila kuku awe na sentimita 20 hivi. Vipele vigumu vidogo juu ya ganda havina neno.

Makunyanzi ni habari nyingine. Mayai mengi yakinyauka ganda kwa wakati mmoja, ute ukiwa mwepesi unaotawanyika kama maji, na kuku wakipiga chafya, fikiria mkamba wa kuku wa kuambukiza. Ganda laini la ghafla kwa kundi zima, utagaji ukishuka ndani ya siku chache, kinyesi cha kijani na shingo kupinda ni dalili za mdondo, yaani kideri. Mwite afisa mifugo siku hiyohiyo, usiuze kuku wala mayai. Mdondo hautibiki. Chanjo ya I-2, inayovumilia joto kuliko nyingine, hutolewa tone moja jichoni kila baada ya miezi 3 hadi 4, kwa kuku wazima tu.

Kiini na ute

Kiini cheupe hakina ubaya wa lishe wa moja kwa moja. Kinatokana na mahindi meupe na mihogo, vyakula vikuu vya Kigoma. Mahindi ya njano na mchicha mbichi hurudisha rangi ndani ya wiki mbili hivi. Mawese mekundu hayasaidii sana kama watu wanavyodhani, kwa kuwa rangi yake kubwa hugeuzwa kuwa vitamini A badala ya kuhamia kwenye kiini.

Kiini cha kijani iliyofifia au rangi ya zeituni, kinachozidi kuharibika yai likikaa, kina mtuhumiwa mmoja wa kwanza: mashudu ya pamba. Huko Igunga na Nzega mashudu haya hupatikana kirahisi na yana protini nyingi, lakini yana sumu ya asili inayobadili rangi ya kiini, na mafuta yake hugeuza ute kuwa wa waridi. Kwa kuku wa mayai tumia mashudu ya alizeti. Yai lenye harufu ya samaki linatokana na dagaa wengi mno au waliochacha. Wasizidi kilo 10 kwa kilo 100 za chakula.

Tone la damu kwenye kiini ni mshipa mdogo uliopasuka kiini kilipoachiwa. Liondoe kwa ncha ya kisu, yai linaliwa. Damu ikiwa imechanganyika na ute wote, tupa. Kiini chenye mabaka kwa kundi zima mara nyingi hufuata chakula au dawa ya kuhara damu iliyokusudiwa kuku wa nyama, soma lebo.

Kikitoka kitu kama jibini, cha tabaka tabaka, kinanuka, hilo siyo yai. Ni usaha ulioganda kwenye mrija wa uzazi ulioambukizwa. Mtenge kuku huyo na umwite daktari wa mifugo. Wachache hupona na kutaga tena. Hapa ndipo antibiotiki ina nafasi, kwa maelekezo, na mayai yake hayaliwi hadi siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe.

Yai lisilo na ganda usile bichi wala usiliweke: tando pekee haizuii vijidudu. Kwa kuatamisha, acha yote yenye viini viwili, mkanda, makunyanzi au ganda linalopitisha mwanga kwa madoa.