Kabla hujafungua mikanda ya taiming ya Gold Wing ya zamani

Beringi utazipata Arusha, lakini mkanda hutaupata. Ukishaielewa tofauti hiyo, kukarabati tenshena (vikaza mkanda wa taiming) za Gold Wing ya zamani, ile pikipiki kubwa ya Honda, hakutakutoa jasho sana. Walioaibika, na mimi nimo, walifungua injini Jumamosi asubuhi wakiamini kwamba ikifika Jumatatu kila kitu kitakuwa kimepatikana mjini. Pikipiki ikakaa uchi wiki saba, imefunikwa shuka, kuku wakilala juu ya siti.

Yangu ni GL1100 ya mwaka 1982. Niliinunua Njiro kwa mzungu aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao, na kabla ya hapo ilikuwa imelala stoo miaka mingi. Fundi wa bodaboda wa mtaani kwetu alipoiona mara ya kwanza aliizunguka mara mbili kimya, kisha akasema, "Kaka, hii ni gari iliyopunguzwa matairi." Hakukosea sana. Silinda nne zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, injini inapozwa kwa maji, na tairi la nyuma linazungushwa na shafti badala ya cheni. Kila upande una kemshafti yake, shafti inayofungua valvu, na kila kemshafti inazungushwa na mkanda wa mpira wenye meno unaotoka kwa mbele kwenye krenki, shafti inayozungushwa na pistoni. Honda walianza hivyo na GL1000 ya mwaka 1975, wakaendelea na GL1100 mwaka 1980, GL1200 mwaka 1984, hata GL1500 ya silinda sita mwaka 1988. GL1800 ya mwaka 2001 ndiyo iliyohamia kwenye cheni. Ninayoyaandika hapa ni ya zile za silinda nne.

Mkanda huo unashikwa ukaze na tenshena: bamba dogo lenye puli, ndani ya puli kuna beringi, na springi inayoivuta. Mikanda ni miwili, kwa hiyo tenshena nazo ni mbili. Beringi ikikwama, puli inaacha kuzunguka na mkanda unasuguana nayo hadi unaungua au kukatika. Mkanda ukikatika injini ikiwa inanguruma, kemshafti inasimama lakini pistoni haina habari, inaendelea kupanda na kuzikuta valvu zimebaki wazi. Valvu zinapinda. Hapo hatuzungumzii tena beringi mbili. Tunazungumzia kufungua silinda hedi, na gasketi na valvu ambazo kati ya Kilombero na Namanga hakuna duka litakalokutolea kabatini.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza ufanyike ukiwa umekaa na chai yako. Kama hujui mikanda iliyomo ilifungwa lini, ihesabu kuwa imekufa. Mpira unazeeka hata pikipiki isipotembea, na ile iliyolala stoo mkanda wake umejikunja sehemu moja kwa miaka. Grisi ya beringi nayo imekauka. Kubadilisha beringi na kurudisha mkanda wa zamani ni kubana matumizi mahali pasipobanika, maana kazi ya kufika pale ni ile ile. Mikanda miwili mipya iwe mkononi mwako, siyo "iko njiani", kabla bolti ya kwanza haijalegezwa.

Kuagiza kwenyewe kuna mtego mmoja, nao ni kutojua pikipiki yako ilitoka wapi. Soma namba ya chesisi kwenye shingo ya fremu. Ikianza na 1HF, pikipiki hiyo iliunganishwa Marekani, kiwanda cha Marysville, Ohio, ambako Gold Wing zilianza kuunganishwa mwaka 1980. Ikianza na JH2 imetoka Japani. Muuzaji mzuri atakuuliza modeli, mwaka na namba hiyo. Asipouliza chochote, mtilie shaka. Mimi mikanda yangu ililetwa na mtu aliyekuwa anarudi kutoka nje, ikaja ndani ya begi lake kati ya nguo. Nilimsihi asiikunje kwa nguvu wala kuigeuza ndani nje, kwani nyuzi za ndani zikivunjika mkanda utaonekana mzima kwa macho na utakukatikia Usa River. Ukifika, uuweke ukiwa duara, pakavu, mbali na jua na mafuta. Ukiifungua pikipiki, hesabu meno ya mpya na ya zamani na upime upana kabla hujafanya lolote lingine.

Sasa beringi. Hapa ndipo Arusha inapokubeba, kwa sababu beringi ni kitu cha vipimo vya dunia nzima. Haijui kama imo kwenye Gold Wing au kwenye mashine ya kusaga. Namba imeandikwa pembeni yake. Kwenye familia ya 62, yaani namba zinazoanza na 62, tarakimu mbili za mwisho zinakwambia tundu la ndani: 02 ni milimita 15, 03 ni milimita 17, na kuanzia 04 unazidisha kwa tano, kwa hiyo 04 ni 20. Baada ya namba kuna herufi, na hizo watu wengi wanazidharau. 2RS maana yake imezibwa kwa mpira pande zote mbili. ZZ maana yake imezibwa kwa bati. Kwa barabara zetu chukua ya mpira. Bati linapitisha vumbi. Ukikuta C3 maana yake gololi zimeachiwa nafasi kubwa kidogo ndani, jambo linalosaidia chuma kikipata moto. Kama ya zamani ilikuwa na C3, rudisha yenye C3.

Tatizo ni kwamba namba huwezi kuisoma mpaka tenshena itoke. Ndiyo sababu nasema siku ya kuanza iwe siku ya kazi, asubuhi, Jumanne au Jumatano. Saa nne tenshena zimeshatoka, saa tano uko dukani na beringi ya zamani mfukoni, na kama duka la kwanza hawana unayo mchana mzima wa kuzunguka. Mimi nilifika duka moja, mwenye duka akaipokea, akaifuta kwa kidole gumba, akaisoma kwa mwanga wa simu. Akaweka mbili kaunta. "Hii elfu tano. Hii elfu kumi na nane. Namba moja." Nikamuuliza tofauti. "Mangi, wewe unafunga wapi?" Nilipomweleza, ile ya elfu tano akairudisha kwenye boksi mwenyewe.

Hata ya bei kubwa ijaribu pale pale. Ishike ringi ya ndani kwa kidole, zungusha ya nje. Mpya yenye grisi ya kutosha inazunguka laini, nzito kidogo, haitoi sauti, na inasimama mapema. Ikizunguka muda mrefu kama pia ya watoto, ndani ni pakavu. Watu wanafurahia beringi inayozunguka sana, kumbe hiyo ndiyo ya kukataa. Na usije ukaiosha kwa petroli, ya zamani wala mpya. Ukiiosha umeondoa grisi ambayo huwezi kuirudisha vizuri.

Kabla ya siku hiyo, tafuta pia presi, mashine ya kushindilia beringi. Karakana nyingi za mtaa wa Unga Ltd na kwa mafundi wa kukereza zipo, ila ongea na mwenyewe siku moja kabla na umwambie ni kazi ndogo ya dakika ishirini ambayo utaisimamia mwenyewe. Hilo la kuisimamia lisisitize. Kijana aliyenishindilia ya kwanza aliweka soketi juu ya ringi ya ndani wakati kilichokuwa kinaingia kwa kubana ni ringi ya nje. Nguvu yote ikapita kwenye gololi. Haikutoa mlio wowote, ila nilipoizungusha nilihisi kama ina mchanga ndani. Elfu kumi na nane zikaenda. Kanuni ni kusukuma ringi ile inayobana: inaingia kwenye puli, sukuma ya nje, inaingia kwenye shafti, sukuma ya ndani. Kabla ya kutoa ya zamani, tazama kwanza kinachoishikilia, kama ni sekilipi (pete ya chuma ya kufungia), mdomo wa chuma uliokunjwa, au kubana tu, usije ukapiga nyundo kitu kilichofungwa. Na pima kwa venia, kile kipimo cha milimita, kimo cha puli kutoka kwenye bamba, ukiandike kwenye kipande cha selotepu ukibandike hapo hapo. Puli ikirudi juu au chini kwa milimita moja, mkanda utatembea upande na kujila ukingoni.

Ukitaka kupunguza nguvu ya presi, beringi ilaze kwenye friza usiku kucha ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, na puli uipashe kwenye maji ya moto kisha uikaushe. Nyumbani kwangu iliulizwa asubuhi ni nyama ya aina gani ile.

Springi zilinganishe urefu zikiwa huru. Moja ikiwa ndefu kuliko mwenzake imechoka. Tenshena ya kulia na ya kushoto usizichanganye, ziandike KL (kulia) na KS (kushoto) mara zinapotoka. Nyuma ya puli ya krenki na za kemshafti kuna oili sili. Ukiona unyevu wa mafuta, zibadilishe sasa, kwani mafuta ndiyo adui wa mkanda.

Mahali pa kazi: vumbi la Januari linaingia kila mahali, kwa hiyo mwagia maji uwanja, tandika turubai, na usifanyie kazi karibu na wanaofagia. Maji ya radiata yakamue kwenye beseni safi lenye kifuniko, maana ukishusha radiata nafasi inakuwa nzuri ajabu, lakini maji hayo, yaani kulanti, ni sumu na ladha yake ni tamu. Mbwa na watoto wataifuata. Taa ya kuchaji iwe imejaa, umeme huu tunaujua. Kwa alama usitumie chaki, itafutika na jasho la kidole. Tipeksi ya shuleni inakaa.

Alama hizo ndizo moyo wa kazi. Toa plagi zote nne ili krenki izunguke kwa mkono bila kupigana nawe, weka gia huru, na uizungushe kwa bolti ya mbele kufuata mishale ya saa ukiwa umeikabili. Kwenye tundu la kuchungulia flaiwili (gurudumu zito la krenki) tafuta alama ya T1. Ndani humo kuna T2 pia, na kwa macho ya jioni zinafanana, kwa hiyo fanya hatua hii mchana. T1 ikikaa sawa, angalia alama za puli za kemshafti zinalingana na za kava la nyuma, pande zote mbili. Piga picha moja kwa moja kwa mbele, siyo kwa kuinamia, kwa sababu pembe ya simu inadanganya kwa jino zima. Kama alama haziko sawa, usilegeze kitu. Zungusha krenki mzunguko mmoja kamili uangalie tena, maana kemshafti inazunguka mara moja krenki ikizunguka mara mbili.

Jua mapema pia kwamba mkanda ukitoka, springi za valvu zinaweza kuirusha kemshafti ghafla. Usishtuke ukaanza kuizungusha krenki kutafuta. Irudishe kemshafti yenyewe taratibu kwa spana hadi kwenye alama. Ukihisi kitu kigumu, simama.

Mwite mtu mmoja wa kushika tochi na kukusomea alama kwa sauti kabla hujakaza tenshena, na tena baada ya kuizungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili. Macho yako yatakuwa yanataka kuona ziko sawa. Ya kwake hayana haraka hiyo. Waya wa hasi wa betri uwe umetoka tangu asubuhi. Mimi niliacha, nikaenda kunawa, nikarudi nikamkuta mpwa wangu wa miaka mitano amekalia siti, kidole kwenye kitufe cha kuwashia, anaunguruma kwa mdomo. Bahati ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.