Jinsi ya Kuongoza Kikundi Kusoma Riwaya ya Indian Horse

Riwaya ya Indian Horse, aliyoiandika Richard Wagamese na kuichapisha mwaka 2012, inamfuata Saul, mtoto wa Kiojibwe, mojawapo ya jamii za Wenyeji wa Asili, wa kaskazini mwa Ontario nchini Kanada, tangu maisha ya msituni pamoja na nyanya yake hadi utu uzima uliozama katika ulevi. Hatari ninayoiona mara kwa mara ninapoisoma na vikundi ni huruma isiyouliza swali: msomaji humlilia Saul, kisha hufunga kitabu akiamini kwamba ufukara ule ulishuka wenyewe, mithili ya ukame. Hatua zifuatazo zimepangwa ili kila tukio la dhiki lipate mtendaji wake.

Hatua ya kwanza: andaa ukurasa mmoja wa sheria.

Kabla ya sura ya kwanza, wape wasomaji mambo machache tu. Sheria ya mwaka 1876 iliwaweka Wenyeji wa Asili chini ya usimamizi wa serikali kuu. Marekebisho ya mwaka 1920 yaliwalazimisha watoto wao kuhudhuria shule, na wengi waliishia katika shule za bweni zilizogharimiwa na serikali na kuendeshwa na makanisa. Watoto wapatao 150,000 walipitia humo. Inatosha.

Hatua ya pili: zisome sura za msituni polepole, ukurasa wa sheria ukiwa mkononi.

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi, kwa sababu wasomaji wenye haraka huziona sura hizi kuwa utangulizi tu. Familia ya Saul inajificha ndani kabisa ya msitu. Uliza inamkimbia nani. Kaka yake, Benjamin, anatoroka shuleni na kurudi akiwa na kifua kikuu kinachomuua. Mwambie msomaji kwamba tangu mwaka 1907 daktari wa serikali, Peter Bryce, alikuwa ametoa taarifa kuhusu msongamano, hewa mbovu na vifo vya kifua kikuu katika shule za magharibi mwa nchi, na kwamba mapendekezo yake makuu hayakutekelezwa. Kuanzia hapo kifo cha Benjamin hakisomeki tena kuwa bahati mbaya. Wazazi wanaondoka na maiti ya mtoto wao wasirudi, na nyanya anakufa kwa baridi akiwa amemkumbatia mjukuu wake. Kila kifo na kila kutoweka kunamsogeza Saul karibu na lango la shule ambayo ukoo mzima ulikuwa ukiikwepa.

Hatua ya tatu: jadilini adhabu ya lugha.

Katika St. Jerome's, shule ya bweni anakopelekwa Saul, Kiojibwe kinapigwa marufuku. Wasomaji wa Kenya waliowahi kuvishwa kidani cha aibu kwa kuongea lugha ya mama watakuwa na la kusema, nao wapewe nafasi ya kutosha. Hata hivyo, mwongozaji asiache tofauti ipotee: wazazi wengi wa kwetu waliipigania shule na mtoto alirudi nyumbani, ilhali Saul alichukuliwa, na nyumbani hakukuwa na mtu tena.

Hatua ya nne: orodhesheni aina za ubaguzi katika hoki ya barafu.

Saul anajifunza hoki shuleni, na kipaji chake kinamfikisha kwenye timu. Gawanya kikundi. Baadhi wafuatilie vurugu za wazi, kama wachezaji wa Moose, timu ya Wenyeji wa Asili anayoichezea Saul, wanavyopigwa mkahawani. Wengine wafuatilie ubaguzi unaovaa nguo ya shangwe, kama mashabiki wanaotupa barafuni vidoli vya plastiki vyenye sura ya Mwenyeji wa Asili. Kwa maoni yangu aina hii ya pili ndiyo inayomwangamiza Saul, maana inamnyima hata nafasi ya kuwa mchezaji wa kawaida.

Hatua ya tano: walinde wasomaji, kisha rudini nyuma.

Mwongozaji awe amekimaliza kitabu, kwa kuwa Saul anaficha jambo hadi karibu na mwisho: padri aliyempa hoki, Leboutilier, alikuwa akimdhulumu kingono. Mapema, bila kufichua kisa, waeleze washiriki kwamba riwaya inagusa dhuluma dhidi ya watoto, na kwamba anayetaka kutoka nje asiulizwe sababu. Baada ya ufichuzi, someni upya kwa sauti kurasa za wema wa padri huyo, bila kuharakisha maoni, kisha uliza kwa nini msimulizi aliyekumbuka kila goli hakuweza kulikumbuka hilo.

Kikao cha mwisho kiwe cha miito 94 ya kuchukua hatua iliyotolewa mwaka 2015 na tume ya ukweli na maridhiano ya Kanada, iliyochunguza shule hizo za bweni. Kila mshiriki achague mmoja na aonyeshe ni sura ipi ya maisha ya Saul ingekwenda tofauti endapo ungekuwapo na kutekelezwa kabla hajazaliwa.