Namna ya Kutofautisha Nomada goodeniana na Nomada marshamella

Nyuki hawa wawili wahamaji, ambao William Kirby aliwaeleza nchini Uingereza mwaka 1802, huonekana majira ya kuchipua wakiruka chinichini juu ya ardhi yenye mashimo ya nyuki wachimbaji wa jenasi ya Andrena. Wote ni weusi wenye mistari ya njano, hawana manyoya ya kubebea chavua, na mtu asiyewazoea huwadhania kuwa nyigu.

Anza na kigamba kidogo kinachofunika shina la bawa la mbele, kwa kuwa hiyo ndiyo alama ninayoiamini zaidi: kwa goodeniana ni cha njano, ilhali kwa marshamella kina rangi ya chungwa au hudhurungi. Kisha tazama mgongo wa fumbatio, yaani sehemu ya nyuma ya mwili, kwenye pingili ya pili na ya tatu. Goodeniana huwa na mistari isiyokatika, lakini ya marshamella kwa kawaida hukatika katikati, hasa kwenye pingili ya pili. Mistari hubadilika kidogo kati ya nyuki mmoja na mwingine, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Mwenyeji, yaani nyuki mchimbaji ambaye wahamaji hawa hutaga katika kiota chake, naye husaidia, kwani marshamella hutaga hasa katika viota vya Andrena scotica, na goodeniana katika vya Andrena nigroaenea na jamaa zake wakubwa.

Ni vyema kuwapiga picha alfajiri yenye baridi, wanapolala wameng'ata shina la mmea, kwani hapo hutulia kabisa na hakuna haja ya kuwaua.