Kutazama ndege Mkondo wa Mida, Watamu, pwani ya Kenya

Anza na jedwali la maji kupwa na kujaa, si saa ya ukutani. Maji yakipwa kabisa, ndege hutawanyika mbali kwenye matope na utaona vidoti tu. Fika kama masaa matatu kabla ya maji kujaa: yanavyopanda, huwasogeza vitwitwi na sululu, ndege wa matopeni, karibu nawe. Kesho yake chelewa kama dakika 50, maana maji nayo huchelewa hivyo. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda hadi kwenye mikoko na ndege huhama mapema, basi wahi.

Darubini ya kukuza mara 8 yatosha. Ya mara 10 hutikisika mkononi. Vaa kaki au kijani, nyeupe huwashtua.

Kwenye daraja la mbao la mikokoni tembea polepole, mmoja mmoja, maana mtikisiko huwafikia ndege kabla yako. Kwenye kibanda cha kutazamia ndege kaa kimya dakika 20.

Mtafute ndege aitwaye mla kaa: mweusi na mweupe, mdomo mnene mweusi, miguu mirefu ya kijivu. Oktoba hadi Machi ndiyo nafasi nzuri. Kundi likiinua vichwa pamoja, umesogea mno, rudi nyuma. Matopeni usiingie.